Raisi Roosevelt na tansio iliyopanda huku watu wakinyamaza

Tarehe 27 mwezi wa tatu 1944, raisi wa Marekani Franklin Delano Roosevelt aliingizwa ndani ya kiti cha magurudumu katika hospitali ya jeshi la majini ya Bethesda, karibu na Washington. Watu wa nyumbani kwake walikuwa wameambiwa kwamba ni mafua na kikohozi kisichotaka kuisha. Mganga wa moyo aliyempokea, Howard Bruenn, hakuwa bado na miaka 40 na hakuwahi kumtibu raisi mbele ya siku hiyo. Alimfunga kipimo mkononi, akasoma 186 kwa 108. Kwa hesabu ya waganga wetu, ambao kwao tansio inaanza kuwa mbaya ikifika 14 kwa 9, ile ilikuwa 18 na nusu kwa 11.

Na haikuwa tansio peke yake. Raisi alikuwa anahema kwa taabu, midomo na kucha zake zimegeuka rangi ya buluu kidogo, moyo umevimba, na ndani ya mapafu mlisikika sauti ya maji. Bruenn alielewa kwamba mtu anayeongoza majeshi ya Marekani katikati ya vita ya pili ya dunia alikuwa na moyo uliochoka. Akaomba kuona karatasi za vipimo vya zamani. Ndipo akakuta hesabu ambayo mtu yeyote angeweza kuisoma: mwaka 1935, tansio ya raisi ilikuwa 136 kwa 78. Mwaka 1937, 162 kwa 98. Mwisho wa 1940, 178 kwa 88. Mwezi wa pili 1941, 188 kwa 105.

Kwa hiyo tansio ilikuwa imepanda tangu miaka mingi, na kila mara mtu fulani aliipima, akaandika namba, akafunga faili.

Roosevelt alizaliwa tarehe 30 mwezi wa kwanza 1882 kule Hyde Park, jimbo la New York, katika familia tajiri. Alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake, Sara Delano. Alisoma Harvard, akaoa Eleanor mwaka 1905, akaingia katika siasa. Mwezi wa nane 1921, akiwa na miaka 39, alishikwa na ugonjwa ambao waganga waliuita polio, na miguu yake haikumbeba tena. Watu wengi walifikiri siasa yake imeishia hapo. Alirudi: gavana wa New York, kisha raisi kuanzia tarehe 4 mwezi wa tatu 1933. Alichaguliwa mara nne, jambo ambalo hakuna raisi mwingine wa Marekani amelifanya.

Polio ilimfundisha kitu kimoja ambacho baadaye kilimletea hasara: kuficha mwili wake. Wapiga picha walijua hawatakiwi kumpiga picha akibebwa au akiwa katika kiti cha magurudumu. Mbele ya watu alisimama kwa nguvu ya vyuma alivyofungwa miguuni na mkono wa mtoto wake aliomshika. Nchi nzima ilijua aliugua polio, lakini wachache tu walijua ni kwa kiasi gani. Mtu aliyezoea hivyo miaka zaidi ya ishirini haoni vigumu kuficha pia moyo wake.

Mganga wake wa kila siku alikuwa Ross McIntire, mkubwa katika jeshi la majini. Ujuzi wake ulikuwa masikio, pua na koo. Raisi alikuwa na shida ya pua mara kwa mara, ndiyo sababu walimchagua huyo. Ni Anna, binti wa pekee wa raisi, aliyeona mwanzoni mwa 1944 kwamba baba yake amekonda usoni, mikono inatetemeka, anasinzia akisoma barua. Alimsukuma McIntire mpaka raisi akapelekwa Bethesda. Bila huyo binti, labda Bruenn asingeitwa kamwe.

Bruenn aliandika mapendekezo yake: kupumzika kitandani wiki kadhaa, kupunguza chumvi, kupunguza uzito, kupunguza sigara, dawa ya kutuliza ili alale vizuri, na digitali, dawa ya zamani itokayo katika majani ya mmea, ambayo inasaidia moyo dhaifu kupiga kwa nguvu. McIntire alikataa. Raisi hawezi kulala kitandani wakati wa vita, ndivyo alivyofikiri. Waganga wengine waliitwa, kati yao James Paullin kutoka Atlanta na Frank Lahey kutoka Boston. Wakabishana. Bruenn, kijana kati ya wakubwa, alishikilia msimamo wake kuhusu digitali, na mwishowe wakakubali. Siku chache baadaye mapafu yalikuwa yamesafika na raisi alilala vizuri.

Amri moja ilibaki: Bruenn asimwambie raisi anaugua nini. Na raisi, kwa upande wake, hakuuliza. Mganga wa moyo alikuja kumpima karibu kila siku, akamfanyia vipimo vya umeme vya moyo, akambadilishia chakula na kumpa vidonge vipya, lakini Roosevelt hakumuuliza hata siku moja sababu. Mimi naona hapo ndipo kisa hiki kinamfanana mtu yeyote wa kwetu anayetoka hospitalini na karatasi mfukoni asiyotaka kuifungua. Hata hivyo hakuwa kipofu: binamu yake Margaret Suckley aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku kwamba Franklin alifahamu moyo wake hauko sawa na kwamba waganga hawamwambii yote.

Digitali ilisaidia moyo. Tansio yenyewe haikushuka, na hapa inatakiwa kuwa wa haki kwa waganga wa wakati ule. Tansio ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Namba ya juu ni wakati moyo unapiga, namba ya chini ni wakati unapumzika kati ya pigo na pigo. Ikibaki juu miaka mingi, moyo unafanya kazi kama mtu anayepandisha mzigo mlimani kila siku: unanenepa, kisha unachoka. Mishipa midogo ya figo na ya ubongo inakuwa migumu, mmoja unaweza kuziba au kupasuka. Haya yote yanaendelea bila maumivu. Lakini katika miaka ya 1930, waganga wenye sifa kubwa walifundisha kwamba tansio ya juu ni njia ya mwili kujisaidia, kwamba mishipa iliyozeeka inahitaji msukumo zaidi, na kwamba kuishusha kunaweza kuleta hatari kuliko kuiacha. Hata aliyetaka kuishusha hakuwa na dawa nzuri. Kulikuwa na upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu, na kuanzia 1944 mganga Walter Kempner wa chuo kikuu cha Duke alitangaza matokeo ya kuwalisha wagonjwa wali na matunda tu, karibu bila chumvi. Njia hiyo ilishusha tansio kwa baadhi yao, lakini wachache waliweza kuivumilia.

Mwezi wa nne 1944 raisi alipelekwa Hobcaw, shamba la rafiki yake Bernard Baruch huko South Carolina. Safari ya wiki mbili ikawa ya wiki nne. Alirudi Washington akiwa na nafuu, akasimamia kutua kwa majeshi kule Normandie mwezi wa sita, kisha akakubali kugombea mara ya nne. McIntire aliwaambia waandishi wa habari kwamba afya ya raisi ni nzuri kwa mtu wa umri wake. Tarehe 12 mwezi wa nane, akihutubu juu ya meli huko Bremerton, raisi alishikwa na maumivu ya kifua. Alimaliza hotuba. Tarehe 21 mwezi wa kumi alizunguka mitaa ya New York saa nyingi ndani ya gari lililo wazi, mvua ikimnyeshea, ili wapiga kura waone kwamba yuko imara. Alishinda. Katika mwezi huohuo wa uchaguzi, Bruenn alimpima akiwa mapumzikoni Warm Springs, jimbo la Georgia, akasoma 260 kwa 150.

Kwa namba hiyo alisafiri mpaka Yalta, mwezi wa pili 1945, kukutana na Churchill na Stalin. Picha ya watu watatu wamekaa kwenye viti inajulikana dunia nzima. Wengi wanaiangalia juu ya siasa, lakini unaweza kuiangalia pia kama picha ya mishipa ya damu. Stalin alikufa mwaka 1953 kwa damu iliyovuja ubongoni. Churchill alipatwa na AVC mwaka huohuo, na nyingine ilimwua mwaka 1965. Roosevelt alibakiwa na miezi miwili.

Aliporudi alihutubia bunge akiwa amekaa, na akataja hadharani uzito wa vyuma vya miguuni, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Mwisho wa mwezi wa tatu alikwenda Warm Springs kupumzika. Tarehe 12 mwezi wa nne, karibu saa saba mchana, alikuwa amekaa kwenye kiti, karatasi za serikali mbele yake, mchoraji Elizabeth Shoumatoff akimchora. Alishika kichwa, akalalamika maumivu makali nyuma ya kichwa, akaanguka. Bruenn alifika katika muda wa dakika chache. Kipimo kilionyesha zaidi ya 300 kwa 190. Saa tisa na dakika 35 raisi alikata roho. Alikuwa na miaka 63.

McIntire alitangaza kwamba kifo hicho kilikuja ghafla, bila alama yoyote. Ni neno ambalo tunalisikia pia Goma, Bukavu au Bunia: mtu alikuwa mzima asubuhi, jioni ameanguka, na familia inaanza kutafuta nani alimtilia sumu. Roosevelt alikuwa na alama miaka minane.

Kunyamaza huko kuligusa pia nchi yetu, kwa njia ambayo wachache wanaijua. Roosevelt ndiye aliyeruhusu kazi ya siri ya kutengeneza bomu la atomiki, na sehemu kubwa ya urani yake ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga. Makamu wake, Harry Truman, alikuwa na siku 82 tu kazini na hakuelezwa chochote cha maana juu ya bomu hilo. Alielezwa yote tarehe 25 mwezi wa nne, akiwa tayari raisi. Mgonjwa wa moyo aliyefichwa hali yake hakumtayarisha mtu wa kumrithi, na miezi minne baadaye ni Truman aliyekuwa ameamua juu ya Hiroshima na Nagasaki.

Truman huyohuyo alitia sahihi, mwezi wa sita 1948, sheria ya kuweka pesa katika utafiti wa magonjwa ya moyo. Mwaka huo, katika mji mdogo wa Framingham, Massachusetts, watafiti walianza kuwafuata wakaaji, jumla yao 5,209, miaka kwa miaka, ili kuona nani anaugua moyo na kwa nini. Ni hao walioonyesha wazi kwamba tansio ya juu haimsaidii mtu, inamwua. Mwaka 1958 kikaja kidonge cha kukojolesha, klorothiazidi, kinachotoa chumvi na maji mwilini na kushusha tansio bila kumsumbua sana mgonjwa. Edward Freis na wenzake walijaribu dawa kwa askari wa zamani wa Marekani. Matokeo ya 1970 yalihusu wanaume 380 ambao namba yao ya chini ilikuwa kati ya 90 na 114: waliopewa dawa walipata AVC kidogo kuliko wengine. Roosevelt wa 1941, na ile 105 yake, angeingia katika kundi hilo.

Leo dawa za aina hiyo, pamoja na amlodipini na nyingine, hazina tena mwenye haki miliki, na zinatengenezwa kwa bei ndogo. Zinamezwa kila siku, hata siku mtu anajisikia vizuri, na hapo ndipo wengi wanaanguka: tansio ikirudi 13 kwa 8 wanaacha kidonge wakifikiri wamepona, kumbe ni kidonge kinachoishikilia. Shirika la afya duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, karibu kijiko kimoja kidogo, na humo inahesabiwa ile iliyo ndani ya samaki wa chumvi na vidonge vya supu. Mwaka 2021 shirika hilo lilikadiria kwamba watu wazima bilioni 1.28 walikuwa na tansio ya juu, na karibu nusu yao hawakujua.

Bruenn alinyamaza miaka 25. Mwaka 1970, mwaka uleule wa matokeo ya Freis, alichapisha katika jarida la waganga maelezo ya mwaka wake wa mwisho na raisi, namba zote zikiwamo, kuanzia ile 136 kwa 78 ya 1935. Aliandika kwa kufuata karatasi alizojiwekea mwenyewe. Faili ya raisi iliyofungiwa Bethesda ilikuwa imepotea muda mfupi baada ya kifo chake, na mpaka leo haijaonekana.