Mama Kate Waller Barrett (1857–1925), Mlezi wa Mama na Mtoto

Historia ya diakonia katika makanisa ya Kilutheri haiandikwi bila kumtaja Mchungaji Theodor Fliedner wa Kaiserswerth, Ujerumani. Mwaka 1833 yeye na mkewe Friederike walimpokea mwanamke aliyetoka gerezani, wakamlaza katika kibanda cha bustani ya nyumba ya mchungaji. Miaka mitatu baadaye mahali hapo palifunguliwa Nyumba ya Madiakonisa, na mwaka 1851 Florence Nightingale wa Uingereza akaenda huko kujifunza uuguzi. Shule ya wauguzi aliyoianzisha Nightingale katika Hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860, ilikuja kumpokea mama mmoja kutoka Marekani aliyeitwa Kate Waller Barrett. Mama huyu hakuwa Mlutheri. Hata hivyo anastahili nafasi yake katika sura hii ya diakonia, kwa kuwa alishika kazi ambayo sharika nyingi zimeiona kuwa ni aibu kuigusa: kuwatunza wasichana waliopata mimba bila ndoa, pamoja na watoto wao.

Katherine Harwood Waller alizaliwa tarehe 24 Januari 1857 karibu na Falmouth, katika jimbo la Virginia, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto kumi. Wazazi wake walikuwa na mashamba, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa Weusi. Utoto wake ulipita katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, vilivyoukomesha utumwa huo. Mwaka 1876, akiwa na miaka kumi na tisa, aliolewa na Mchungaji Robert South Barrett wa Kanisa la Episkopali, ambalo ndilo Kanisa la Kianglikana la Marekani. Bwana alikuwa akihudumu mjini Richmond, katika mtaa wa watu maskini, na bibi akaingia katika maisha ya nyumba ya mchungaji kama wafanyavyo wake wengi wa wachungaji: kupokea wageni, kulea, kutembelea wagonjwa, na kufungua mlango kila unapobishwa.

Jioni moja mlango huo ulibishwa na msichana aliyebeba mtoto mchanga. Hakuwa na mume wala mahali pa kwenda. Bibi mchungaji alimwingiza ndani, akampa chakula na nguo, kisha akaketi kumsikiliza. Ndipo alipotambua jambo ambalo halikumtoka moyoni hadi kufa kwake. Msichana yule alikuwa rika lake. Alikuwa ametoka shamba kama yeye, amelelewa katika nyumba ya heshima kama yeye, akampenda mwanamume kama yeye alivyompenda Robert. Tofauti yao haikuwa katika wema wa moyo wala katika malezi. Mmoja alikutana na mwanamume mwaminifu, mwingine akakutana na mdanganyifu. Bibi Barrett, ambaye wakati huo alikwisha kuwa mama, aliona kwamba mtoto wa mgeni na mtoto wake mwenyewe wanatazamiwa na ulimwengu mambo mawili yasiyofanana hata kidogo, na hakuna kati yao aliyetenda lolote la kustahili.

Ni vema kulikumbuka hili katika makanisa yetu. Mimba huonekana kwa mwanamke, kwa mwanamume haionekani. Kwa hiyo kwa miaka mingi aliyesimama mbele ya wazee wa kanisa na kutengwa na Meza ya Bwana alikuwa binti, na aliyerudi kundini mbele ya usharika wote akiwa na mtoto mgongoni alikuwa binti huyo huyo. Mwenziwe aliweza kuendelea kuimba kwaya. Hata yule mwanamke wa Injili ya Yohana aliletwa mbele ya Bwana peke yake, ingawa alishitakiwa kosa lisilotendeka na mtu mmoja.

Mwaka 1886 Mchungaji Barrett alihamishiwa Atlanta, jimbo la Georgia, kuwa mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Luka. Huko mkewe, akiwa na watoto wadogo nyumbani, aliingia chuo cha udaktari cha wanawake na kuhitimu mwaka 1892. Hakusoma ili afungue zahanati ya kujipatia fedha. Aliona kwamba huruma peke yake haimzalishi mwanamke salama, wala haimponyi mtoto mwenye homa. Mwaka uliofuata akaazimia kufungua nyumba ya wasichana wajawazito, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Wakazi wa mji walipinga nyumba ya namna hiyo kuwekwa karibu nao. Walioikataa walikuwa watu wa heshima, na bila shaka wengi wao walikuwa waumini wazuri wa Jumapili. Bibi Barrett hakuchoka kubisha hodi. Mwishowe baraza la jiji likampa kiwanja.

Kiwanja bila fedha ni nyasi tu. Akamwandikia barua Charles Crittenton, mfanyabiashara tajiri wa dawa huko New York. Bwana huyu alikuwa amefiwa na binti yake Florence, mtoto wa miaka minne, mwaka 1882, na huzuni yake ikamwongoza kufungua kituo cha kuwaokoa makahaba mwaka uliofuata, akikiita kwa jina la mtoto huyo. Crittenton alitoa dola 5,000, na nyumba ya Atlanta ikaingia katika jamii ya nyumba za Florence Crittenton. Mwaka 1894 familia ya Barrett ilihamia Washington, na mwaka 1896 Mchungaji Barrett akafariki, akamwachia mkewe watoto sita. Wengi wangetazamia mjane huyo arudi kwao. Yeye alichukua usimamizi mkuu wa kazi ya Crittenton, iliyokuwa imekwisha kuenea katika miji mingi. Mwaka 1898 Bunge la Marekani liliitambua kwa hati maalumu.

Crittenton alikuwa mwinjilisti wa barabarani, na shauku yake ilikuwa kuwatoa makahaba katika dhambi. Bibi Barrett, bila kumpinga, aliielekeza kazi polepole kwa msichana mjamzito, na akaweka kanuni iliyobishaniwa sana: mama na mtoto wasitenganishwe. Wakati ule wapo wengi waliodhani kwamba msaada mwema ni kumchukua mtoto, kumpeleka kwa watu wengine, na kumrudisha binti kwao kana kwamba hakuna lililotokea. Yeye aliamini kwamba mtoto anahitaji maziwa ya mama yake, na kwamba kumlea mtoto ndiko kunakomtengeneza binti kuwa mtu mzima. Kwa sababu hiyo binti hakutolewa nje mara tu baada ya kujifungua. Alikaa kwa miezi, akinyonyesha na kujifunza kazi ya kumpatia riziki. Utaratibu huo aliueleza katika kitabu cha mwongozo alichokitoa mwaka 1903 kwa ajili ya walezi wa nyumba hizo.

Haifai kuficha mapungufu. Kazi nyingi walizofundishwa wasichana hao zilikuwa za nyumbani, na ujira wake ulikuwa mdogo kwa mwanamke mwenye mtoto. Tena katika majimbo ya Kusini nyumba nyingi ziliwapokea wasichana Weupe tu. Binti wa mwenye watumwa aliweza kujiona katika uso wa msichana aliyebisha mlangoni, lakini ukuta wa rangi aliozaliwa ndani yake haukubomolewa na kazi yake.

Crittenton alifariki mwaka 1909, na Bibi Barrett akawa rais wa shirika kwa miaka kumi na sita iliyobaki ya maisha yake. Aliongoza pia Baraza la Taifa la Wanawake la Marekani kuanzia 1911 hadi 1916. Alifariki Alexandria, Virginia, tarehe 23 Februari 1925. Bendera juu ya jengo la Bunge la Virginia ilipepea nusu mlingoti, heshima ambayo jimbo hilo lilikuwa halijampa mwanamke yeyote kabla yake.

Mwanawe Robert alishika uongozi baada yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili kanuni ya mama yake ililegezwa, na katika nyumba nyingi za Crittenton wasichana wakawa wanashauriwa kuwatoa watoto wao walelewe na watu wengine, kwa siri, kisha warudi makwao mikono mitupu.