Msiri, Shaba na Bangili ya Bibi

Muhula uliopita nilirudi chuo na bangili ya shaba ya bibi yangu wa Gongoni, Tabora. Ilikuwa imeota kutu ya kijani, na bibi aliona mjukuu anayesoma kemia hashindwi kuing'arisha. Alhamisi nikaitumbukiza kwenye bika ya amonia, bila kuifunika, nikaenda zangu. Jumatatu maji yalikuwa ya bluu kama wino na bangili imekonda. Yaani nilikuwa nimeila.

Nilidhani amonia ndiyo mkosaji. Kumbe peke yake isingeweza. Hewa ndiyo ilifanya kazi. Oksijeni huinyang'anya shaba elektroni, halafu naitrojeni ya amonia huidaka shaba hiyo na kuivuta majini kabla haijajijengea utando wa kuikinga. Jaribuni, wenzangu: jaza chupa maji yale ya bluu, tia vipande vya shaba, funga kabisa. Bluu itafifia mpaka ipotee, maana shaba ya ndani huirudisha ile iliyoyeyuka kwenye hali ya chaji moja, isiyo na rangi. Fungua kizibo, bluu inaanzia juu, pale hewa inapogusa. Pweza naye anaishi kwa mchezo kama huo. Shaba ya damu yake imeshikwa na naitrojeni za protini. Ikibeba oksijeni damu inageuka bluu, ikiitua rangi inatoweka.

Basi, huku nakwepa simu za Gongoni, nikajiuliza shaba ilifikaje kwetu. Kwamba bangili ile ilitoka Katanga siwezi kuapa, ila swali lilinifikisha kwa Msiri.

Alizaliwa Unyamwezi, miongoni mwa Wasumbwa, karibu mwaka 1830, akiitwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyefuata shaba Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Katika miaka ya 1850 mwana akaifuata njia hiyohiyo, ila yeye hakurudi. Alifika mgeni mwenye bunduki, akamsaidia Panda, mtemi wa Wasanga, dhidi ya maadui zake, na baadaye akaurithi utawala na kuupanua. Watu wake wakaitwa Wayeke, mji wake mkuu ukawa Bunkeya.

Shaba ya Katanga huchimbwa ikiwa jiwe la kijani, yaani shaba iliyokwisha kufungwa na oksijeni na kaboni. Mafundi waliyeyusha jiwe hilo kwa makaa ya mti katika tanuri za udongo; kaboni inachukua oksijeni, shaba nyekundu inabaki. Wayeke wakaivuta kuwa nyaya nyembamba za bangili. Kazi ile ya moto na jasho, mimi niliitengua kwa bika moja.

Kwetu ukimtaja Msiri, wengi wanaona fahari, Mnyamwezi aliyejenga dola ugenini. Hata mimi niliiona. Lakini bunduki na baruti zake zililipwa kwa pembe za ndovu, shaba, na watu. Misafara iliyotoka kwake, upande wa Tabora na upande wa Angola, iliswaga watumwa pia. Sijui kwa nini tunapomsimulia tunaruka hapo.

Wazungu walipoanza kuitamani Katanga, Msiri aliwapima. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alimletea mkataba wa Waingereza, akaukataa. Mwaka uliofuata Kapteni Stairs alitumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na msafara wake, wenye wapagazi wa Zanzibar na pwani, ulipita hapahapa Tabora. Ulimkuta Msiri ameshadhoofishwa na uasi wa Wasanga. Akakataa bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson alimpiga risasi akafa, na Bodson mwenyewe akauawa. Wayeke husimulia kwamba kichwa cha mtemi wao hakikuzikwa pamoja naye. Miaka 15 baadaye kampuni ya Union Minière ikaundwa kuchimba shaba ileile.

Likizo nilimpelekea bibi bangili yake, nyembamba na inang'aa. Aliivaa, ikateleza hadi kwenye kiwiko. Nikamweleza yote, amonia, hewa, hata Msiri. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza yale maji ya bluu niliyamwaga wapi.