Semei Kakungulu, Mtu Aliyeuanzisha Mji wa Mbale

Mwaka jana mwalimu wetu wa jiografia alituonyesha picha za mji wa Kyoto, katika nchi ya Japani. Ni mji wa kale sana. Ulifanywa makao ya wafalme mwaka wa 794, na ulikaa hivyo kwa zaidi ya miaka 1,000. Tuliona mahekalu yenye mapaa yaliyopinda, milango mirefu myekundu, na bustani za mawe. Tulistaajabu sana, tukasema wenzetu wamebahatika. Ndipo mwalimu akatuuliza ni nani kati yetu amepata kwenda kutazama mahali patakatifu na makaburi ya wakubwa yaliyo hapa karibu na Mbale. Darasa zima likanyamaza. Mimi kwetu ni Nakaloke, na kilima cha Nabugoye, ambako Wayahudi wa Uganda wana sinagogi lao, si mbali kwa miguu; lakini sikuwa nimepata kukikanyaga. Niliona haya. Likizo ilipofika, mimi na rafiki zangu wawili tukafunga safari ya siku moja: kwanza Nabugoye, kisha mjini Mbale, kisha Gangama, alikozikwa Semei Kakungulu.

Kabla ya kuondoka nilimwarifu babu. Hakupendezwa hata kidogo. Alinieleza kwamba babu yake mwenyewe alitolewa shambani kwa nguvu na watu wa Kakungulu, akalimishwa barabara bila malipo, na kwamba haifai mtoto wa Kigisu kwenda kumwamkia mtu wa namna hiyo kaburini. Sikujibu, maana si adabu kubishana na mzee. Lakini neno lake lilikwenda nami njia nzima, na ndilo lililonifanya nichunguze habari za mtu huyu kwa bidii kuliko nilivyokusudia.

Kakungulu hakuzaliwa Bugisu, wala hakuzaliwa Buganda. Alizaliwa Kooki, kusini, yapata mwaka wa 1868. Alipokuwa kijana alikwenda Buganda kwa Kabaka Mwanga, akajulikana kwa uwindaji wa ndovu na ustadi wa bunduki. Huko akawa mfuasi wa Waprotestanti, akabatizwa jina la Semei. Mwaka wa 1888 Mwanga alipinduliwa, na Wakristo wakafukuzwa, wakakimbilia Ankole. Katika vita vya kumrudisha Mwanga, Kakungulu alijulikana kuwa jemadari hodari. Akapewa ukubwa, na mwaka wa 1895 alikuwa mkuu wa Bugerere. Lakini Katikiro Apolo Kagwa alikuwa mshindani wake, na fahali wawili, kama tujuavyo, hawakai zizi moja. Kakungulu akatazama mashariki.

Hapa pana jambo lililonisikitisha. Tarehe 9 Aprili 1899 Kabaka Mwanga alikamatwa katika nchi ya Lango, pamoja na Kabalega wa Bunyoro, na majeshi ya Kakungulu yalikuwamo katika kazi hiyo. Mfalme aliyempigania miaka kumi nyuma, sasa alisaidia kumtia mikononi mwa Waingereza. Wote wawili walipelekwa mbali, katika visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka wa 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi akiwa mzee, lakini hakufika kwao, alifia Jinja mwaka wa 1923. Sijui kama Kakungulu alipata kujutia jambo hilo. Mimi ningalijuta.

Baada ya hapo aliingia Bukedi na watu wake wenye bunduki, akajenga maboma, akaweka Waganda kuwa wakubwa wa nchi. Makao yake yalikuwa Budaka. Alitumaini kwamba Waingereza watamfanya Kabaka wa Bukedi, na alipokutana na Sir Harry Johnston alitoka akiamini kwamba jambo hilo limekwisha kukubaliwa. Kumbe Waingereza walimhesabu kuwa mtumishi wao tu. Mwaka wa 1902 walimnyang'anya Budaka, wakampa ardhi ya maili 20 za mraba chini ya mlima wetu. Hivyo ndivyo alivyokuja hapa: si kama mshindi, bali kama mtu aliyepokonywa.

Wengine wangaliketi na kununa. Yeye alijenga. Alifyeka nyika, akapima barabara zilizonyooka, akapanda miti kando yake, akaweka mashamba ya migomba. Katika muda wa miaka michache palikuwa na soko kubwa. Wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi walifika, na misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda Karamoja ilipita hapa. Waingereza walipoona mji umekua, walihamisha boma lao kutoka Budaka wakalileta Mbale! Yaani walimfukuza kwenye mji mmoja, kisha wakamfuata kwenye mwingine. Nusu karne baadaye Mbale ulisifiwa kwa usafi katika Afrika Mashariki nzima, na tangu mwaka wa 2020 unahesabiwa kuwa jiji.

Lakini nani alizilima barabara zile? Hapo babu ana haki. Waganda wa Kakungulu walikuwa wachache. Jembe lilishikwa na wenyeji, nao hawakuulizwa kama wanapenda. Tulipopita katika mji siku ile, tukitoka Nabugoye, nilijaribu kuzitazama njia kwa macho ya babu yake babu, nikaona ni ndefu sana.

Mwaka wa 1906 Waingereza walimpeleka Kakungulu Busoga, kuwa mkuu wa baraza la watawala wa huko, naye akakaa kazini hata mwaka wa 1913. Ufalme aliokuwa akiutaka hakuupata. Aliporudi Mbale alikuwa amebadilika. Alijiunga na Wamalaki, watu wa dini waliokataa dawa za hospitali, akaanza kugombana na serikali kwa habari ya chanjo. Alikuwa akisoma Biblia ya Kiganda usiku na mchana, hasa Agano la Kale. Aliposoma amri ya tohara, akaona inampasa kuitii. Wamalaki walimwonya kwamba hilo ni jambo la Wayahudi. Kwake onyo hilo likawa jibu. Mwaka wa 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe, akajitenga na Wamalaki, akaanzisha jamii ya Abayudaya. Fikirini, wasomaji: Waganda waliona tohara ni jambo la ajabu, lakini sisi Wagisu, ambao alikuja kututawala, hatumhesabu mtu kuwa mwanamume bila hiyo. Katika jambo hili moja aliyeshinda vita aliwafuata walioshindwa, ingawa si kwa sababu yetu.

Mwaka wa 1922 alitoa kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda. Katika miaka hiyo mfanyabiashara Myahudi aitwaye Yosef alifika Mbale, akakaa naye miezi kadhaa, akamfundisha sikukuu na hesabu ya siku. Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928.

Watu wake walipungua baada ya kifo chake. Idi Amin aliyetwaa serikali mwaka wa 1971 aliipiga marufuku dini yao, masinagogi yakafungwa, wakasali kwa siri hata alipoondolewa mwaka wa 1979. Walibaki mamia tu. Lakini hawakuiacha. Sinagogi tuliloliona Nabugoye ni jipya, lilifunguliwa mwaka wa 2016, na karibu yake kuna shule ya sekondari yenye jina la Kakungulu, ambamo watoto Wayahudi, Wakristo na Waislamu husoma pamoja. Mzee aliyetupokea hakutuuliza dini zetu. Alitupa maji ya kunywa, akatuonya tu kwamba mtu asije kupiga picha siku ya Jumamosi, maana ni Sabato yao.

Tulifika Gangama jua likianza kushuka. Hatukumkuta mgeni mwingine. Kwa jemadari aliyetaka kuwa Kabaka, mahali ni pa kimya mno. Rafiki yangu mmoja alivua kofia. Mwingine alikataa kuvua, akisema ya kwao ni kama ya babu yangu. Mimi sikuwa na kofia, nikashukuru.

Jioni nilimsimulia babu yote, pamoja na habari ya Budaka na ya maboma yaliyomponyoka. Hakuwa amepata kusikia kwamba Kakungulu naye alinyang'anywa. Alinyamaza kitambo, akiuchokora moto. Kisha akaniambia nikienda tena nimpitie twende wote, apaone mahali hapo kwa macho yake. Lakini kofia, alisema, hataivua.