Siti binti Saad

Siti binti Saad (Fumba, Unguja, takriban 1880 - 8 Julai 1950) alikuwa mwimbaji wa taarab kutoka Zanzibar. Ni mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kurekodiwa kwenye santuri za kuuzwa.

Maisha

Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata baadaye. Shambani alifinyanga vyungu na kuvitembeza kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa muziki na Ali Muhsin.

Wakati huo taarab ya ikulu iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, wakiwemo Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruk na Maalim Shaaban, waliimba hasa kwa Kiswahili. Waliomwonea wivu walimkejeli kwa asili yake ya shamba na sura yake, naye akajibu kwa wimbo kwamba cha maana kwa mtu ni akili.

Santuri

Mwaka 1928 kundi lake lilisafiri hadi Bombay, Uhindi, kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulichukua takriban dakika 3 tu. Nyimbo ambazo barazani ziliendelea hadi usiku wa manane zililazimika kufupishwa. Ziliuzwa visiwani na bara, zikapigwa kwa gramafoni majumbani na mikahawani. Kwa kuwa zilivunjika kirahisi, nakala za awali sasa ni adimu na hutafutwa na wakusanyaji. Baadhi ya nyimbo zimetolewa upya kwenye CD.

Nyimbo zake nyingi zilieleza mikasa ya kweli ya mitaani. Unaojulikana zaidi ni Kijiti, unaomhusu mwanamke mjamzito aliyetoka Dar es Salaam kutembea Unguja, akauawa. Mtuhumiwa alitorokea bara. Walioadhibiwa ni wanawake waliotoa ushahidi, kwa kosa la pombe. Wimbo unamwonya Kijiti asikanyage Dar es Salaam. Jina la marehemu halimo katika wimbo, lakini kisa chake bado kinaimbwa.

Urithi

Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Bi Kidude aliziimba nyimbo zake kwa miaka mingi. Chama cha waandishi wa habari wanawake, TAMWA, chenye makao Dar es Salaam, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.