Kaisari Julian na Bata Bukini Mmoja

Katika masomo ya historia nimekutana na watu mashuhuri wengi, lakini hakuna aliyenifikirisha kama Julian, Kaisari wa Roma aliyetaka kuirudisha miungu ya kale.

Alizaliwa Constantinople yapata mwaka 331. Baba yake mkubwa alikuwa Constantine, Kaisari wa kwanza kuufuata Ukristo. Constantine alipofariki mwaka 337, askari walimwua baba yake Julian na jamaa zake wengi. Julian akalelewa katika Ukristo chini ya Constantius, mwana wa Constantine, ambaye baadaye alimlaumu kwa mauaji yale.

Kijana huyo alipenda mno vitabu vya Homer. Habari za Zeus, Athena na Apollo zikamwingia moyoni, naye akaificha imani hiyo karibu miaka 10.

Mwaka 361 akatawala peke yake. Alifungua mahekalu, akaamuru sadaka zitolewe tena. Aliwaagiza makuhani wawalishe maskini na kuwapokea wageni, maana aliona Wakristo wanawashinda kwa huruma. Mwaka 362 akawakataza walimu Wakristo kufundisha vitabu vya kale. Kwa maoni yake, asiyeiamini miungu asifundishe habari zake. Hapo nilitua kusoma. Mwalimu wetu ametufundisha habari za Zeus, wala haamini hata moja. Kwa amri ile angalifukuzwa.

Mwaka huo huo Julian alikwenda Daphne, karibu na Antiokia, kwa sikukuu ya Apollo. Alitazamia maandamano, wanyama wa sadaka na vijana waliovaa nguo nyeupe. Kumbe alimkuta kuhani mmoja tu, naye ameleta bata bukini mmoja kutoka nyumbani kwake. Mji ule mkubwa haukuleta kitu.

Mwaka 363 alichomwa mkuki katika vita na Waajemi, akafa kabla ya kutimiza miaka 33. Waliotawala baada yake wakaurudia Ukristo.

Wenzangu wengine walicheka waliposikia habari za bata yule. Mimi sikucheka. Kaisari alikuwa na uwezo wa kufungua kila hekalu, lakini hakuweza kuwatia watu hamu ya kuingia. Nasi kengele hutuita kanisani kila asubuhi, na tangu siku ile najiuliza: je, kama kengele isingelia, ningekwenda?