Naismith: Mwasisi wa kikapu aliyechukia rafu

JAMES Naismith, mzaliwa wa Kanada aliyeasisi mpira wa kikapu, alikusudia mchezo usio na rafu. Desemba 1891, akiwa mwalimu mjini Springfield, Marekani, aliandika sheria 13. Mwamuzi mmoja aliufuatilia mpira. Mwingine alihesabu madhambi. Aliyekosea mara ya pili alikaa nje hadi bao lifuatalo, na madhambi matatu mfululizo ya timu moja yaliwapa wapinzani bao.

Mwaka 1898 alihamia Chuo Kikuu cha Kansas, ambako timu yake ilishinda michezo 55 na kupoteza 60 hadi 1907.

Alifariki dunia Novemba 28, 1939. Baadaye vyuo vya Marekani viliruhusu mchezaji kutolewa kwa kosa la tano, ukali wa mwasisi ukiwa umelegezwa.