Edward Appleton, aliyepima anga kwa sauti iliyofifia

Kila msikilizaji wa masafa ya kati anaijua hali hii: mchana hupatikana vituo vya karibu tu, lakini jua likishatua huzuka sauti za nchi za mbali, zikipanda na kufifia kana kwamba mtu anachezea kitufe cha redio. Aliyethibitisha chanzo chake ni mwanafizikia wa Uingereza, Edward Appleton.

Alizaliwa mjini Bradford tarehe 6 Septemba 1892, akasoma Cambridge. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimpeleka jeshini, katika mawasiliano ya kikosi cha wahandisi, na huko ndiko redio ilikomteka.

Fumbo lilikuwapo tayari. Mwaka 1901 Marconi alitangaza kuvusha ishara juu ya Bahari ya Atlantiki, ilhali dunia ni mviringo na mawimbi yalipaswa kupotelea angani. Mwaka uliofuata Oliver Heaviside na Arthur Kennelly, kila mmoja kivyake, walidai kuwa juu kuna tabaka lenye chembe za umeme linaloyarudisha chini. Kwa zaidi ya miaka 20 dai hilo lilikosa ushahidi wa moja kwa moja.

Akiwa Cambridge, Appleton aliona kuwa matangazo ya BBC kutoka London yalitulia mchana na kuyumba usiku. Mwingine angeulaumu mtambo. Yeye alishuku kuwa usiku yanafika mawimbi mawili, moja likipita juu ya ardhi na jingine likishuka kutoka angani. Yakipatana, sauti huongezeka, yakipingana, hufifia. Tarehe 11 Desemba 1924, matangazo ya siku yalipokwisha, mtambo wa BBC wa Bournemouth ulibadilisha urefu wa wimbi polepole, naye pamoja na mwanafunzi wake Miles Barnett wakawa Oxford wakihesabu ni mara ngapi ishara ilipanda na kushuka. Hesabu hiyo iliwapa kimo cha tabaka: kilomita 100 hivi. Uyumbaji uleule uliowakera wasikilizaji ndio uliowapa kipimo.

Baadaye aligundua tabaka jingine, zaidi ya kilomita 200 juu. Aliyaita mawili hayo E na F, akiacha herufi za mwanzo wazi endapo mengine yangepatikana chini yake. Hadhari hiyo ilifaa, maana tabaka D, linalomeza masafa ya kati mchana na kutoweka usiku, leo lafahamika vyema.

Ugunduzi wake wa mwaka 1946 unatugusa sisi wa ukanda huu. Ingetarajiwa kuwa elektroni zijazane zaidi juu ya ikweta ya sumaku, ambayo barani Afrika hupita Ethiopia. Appleton alionyesha kuwa zimejazana pande zake mbili, kaskazini na kusini. Juu ya ikweta hiyo nguvu za umeme na sumaku huziinua mchana, kisha zikateremka kufuata mistari ya sumaku, mithili ya chemchemi. Jioni, mtibuko wa anga hilo huweza kuvuruga hata ishara za setilaiti.

Alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1947, na kuanzia 1949 akaongoza Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alikuwa bado katika wadhifa huo alipofariki dunia, tarehe 21 Aprili 1965.